HESABU ZA UMEME TUZISHIKE WENYEWE

Mfanyakazi wa zamu ya usiku akifika kiwandani akakuta mitambo imelala kwa sababu umeme haupo, kwanza humlaumu fundi wa umeme, kisha huilaumu mvua, na mwisho huilaumu Serikali. Ni mara chache sana amkumbuke mtu ambaye, miaka 10 au 15 kabla ya usiku ule, aliketi mbele ya kompyuta akaandika tarakimu moja mahali pake, na kwa tarakimu ile ikaamuliwa kwamba bwawa fulani lingoje, au kwamba njia fulani ya kusafirishia umeme ijengwe baadaye. Mtu huyo hana jina wala sura kwa wananchi. Hata hivyo kazi yake yaweza kuwatia gizani mamilioni ya watu, au kuwatwisha deni la mitambo isiyokuwa na kazi.

Leo twataka kuzungumza juu ya kazi ya mtu huyo, yaani juu ya programu za kompyuta ambazo Serikali za dunia nzima huzitumia kupanga nishati ya nchi zao. Wako wadhanio kwamba jambo hili ni la wataalamu peke yao, na kwamba mwanachama wa tawi au mfanyakazi wa karakana halimhusu. Sisi twasema linamhusu sana, kwa kuwa yeye ndiye atakayelipa bei ya kosa, ama kwa giza ama kwa shilingi zake.

Kielelezo cha nishati, kwa maneno mepesi, ni nchi iliyoandikwa kwa hesabu. Ndani yake huwekwa mitambo yote ya umeme na umri wake, bei ya gesi na mafuta, wingi wa maji ya mito katika majira mbalimbali, nguvu ya jua na upepo, na njia za umeme pamoja na kiasi kinachopotea njiani. Kisha huwekwa mahitaji ya wananchi kwa miaka 20 au 30 ijayo. Hapo programu huanza kutafuta, katika mipango mingi mno ambayo binadamu asingeweza kuipima kwa kalamu, ule mpango mmoja wenye gharama ndogo kuliko yote, unaotosheleza mahitaji hayo na kutimiza masharti yaliyowekwa. Masharti hayo yaweza kuwa akiba ya umeme isipungue kiasi fulani, au moshi utokao katika mitambo usizidi kiasi fulani.

Kazi hii si ya juzi. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, nchi tajiri zilishtuka, zikaanza kutengeneza vielelezo vya namna hii kwa bidii. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna limekuwa likizigawia nchi wanachama programu iitwayo WASP, ambayo asili yake ni ya mwaka 1972. Lakini ni wachache wajuao kwamba programu moja mashuhuri, iitwayo LEAP, ambayo leo hutumika katika mabara yote, ilitungwa mwaka 1980 kwa ajili ya Afrika Mashariki. Taasisi ya Beijer ya Sweden ilikuwa ikichunguza suala la kuni nchini Kenya, na hapana chombo kilichokuwapo cha kuhesabu nishati ya watu wasiotumia mafuta wala umeme, bali mzigo wa kuni kichwani. Chombo kikatengenezwa. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba hesabu hizi ni mambo ya Ulaya yasiyotufaa. Moja katika zile zilizo maarufu ilianzia katika jiko la mafiga matatu la jirani zetu.

TARAKIMU TATU

Programu haina akili ya kujua lililo jema kwa wananchi. Hujibu lile iliyoulizwa, tena kwa tarakimu ilizopewa. Apandacho mtu ndicho avunacho, na katika kompyuta ni hivyo hivyo. Ziko tarakimu tatu ambazo kila mwananchi yafaa azijue, kwa sababu ndani yake mna siasa, ingawa kwa nje zaonekana kuwa hesabu tupu.

Ya kwanza ni kasi ya kukua kwa matumizi. Tuchukue nchi ambayo kilele cha matumizi yake ni megawati 2,000. Mtaalamu mmoja akisema matumizi yatakua kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 20 nchi itahitaji kama megawati 5,300. Mwenzake akisema yatakua kwa asilimia 10, nchi hiyo hiyo itahitaji zaidi ya megawati 13,400. Tofauti kati yao ni tarakimu moja katika karatasi, lakini katika dunia ni mabwawa, mitambo na madeni ya vizazi viwili.

Jirani zetu wa Kenya wamelionja jambo hili. Mpango wao wa mwaka 2011 ulikisia kwamba katika miaka 20 kilele cha matumizi kingepita megawati 15,000. Mwaka 2013 ikatangazwa mipango ya kuongeza megawati 5,000 katika muda wa miezi 40. Lakini hadi mwaka 2024 kilele hicho kilikuwa bado chini ya megawati 2,500. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu ulinyang'anywa kibali chake na baraza la mazingira mwezi Juni 2019, baada ya wananchi wa huko kuupinga. Nako Turkana, mitambo ya upepo ya megawati 310 ilikamilika mwaka 2017, nayo ikazungukia mbingu tupu mpaka mwaka 2018, kwa kuwa njia ya kuutoa umeme ilikuwa haijamalizika. Ikabidi nchi ikubali kulipa kwa umeme ambao haukumfikia mtu.

Hatuyataji haya ili kuwacheka jirani. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe, na jina lake peke yake latosha kuwa fundisho. Sisi nasi mwaka 2014 tulijiwekea lengo la kufikisha angalau megawati 10,000 ifikapo mwaka 2025. Mwaka 2025 ulipofika tulikuwa na takriban megawati 4,000, na kilele cha matumizi yetu kilikuwa kama nusu ya hizo. Lau tungalijenga megawati zile zote kwa mikopo, nyingi katika hizo zingalikaa bila kazi, na riba ingalilipwa vilevile. Mkataba wa kulipia uwezo wa mtambo hauulizi kama mtambo ulizunguka. Hutaka fedha tu.

Wala tusije tukadhani kwamba dawa ni kukisia kidogo. Anayekisia kidogo huamkia katika mgao, kisha hukimbilia kukodi mitambo ya mafuta kwa bei ya haraka, na bei ya haraka siku zote humfaa muuzaji. Dawa ni kukisia kwa uwazi, na kurudi kila baada ya muda kulinganisha makisio na yaliyotokea.

Tarakimu ya pili imefichika zaidi. Ni kiwango cha kupunguza thamani ya fedha za baadaye. Wachumi husema kwamba shilingi ya kesho haina thamani ya shilingi ya leo, na kweli iko ndani ya maneno hayo. Lakini tuone yanavyofanya kazi. Kwa kiwango cha asilimia 10, faida ya shilingi 100 itakayopatikana baada ya miaka 20 huhesabiwa leo kuwa kama shilingi 15 tu. Kwa kiwango cha asilimia 5, faida hiyo hiyo huhesabiwa kuwa kama shilingi 38. Bwawa lahitaji fedha nyingi mwanzoni, kisha hutoa umeme wa bei nafuu kwa miaka 50 na zaidi. Mtambo wa dizeli hujengwa kwa fedha chache, kisha hula mafuta ya kigeni kila siku ya maisha yake. Anayechagua kiwango kikubwa amekwisha kumpendelea wa dizeli kabla kompyuta haijawashwa. Anayechagua kiwango kidogo amempendelea wa bwawa, jua na upepo. Hapa hakuna hesabu isiyokuwa na upande. Swali ni je, wajukuu wetu wana uzito gani mbele yetu? Swali hilo ni la taifa zima, si la mtu mmoja ofisini.

Tukumbuke kwamba RUBADA, mamlaka ya kuliendeleza bonde la Rufiji, iliundwa mwaka 1975, lakini maji ya Rufiji hayakuzungusha mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere mpaka mwezi Februari 2024. Karibu miaka 50 ilipita kati ya nia na umeme.

Tarakimu ya tatu ni ile ya mwaka mbaya. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Ni kazi ya kujivunia, nasi twajivuna. Lakini mwenye busara huhesabu pia siku ya mvua kukataa. Kidatu hutoa megawati 204, Mtera 80 na Kihansi 180. Maji yanayozungusha mitambo hiyo mitatu hutoka katika mito inayokwenda kuungana na Rufiji ule ule. Tukijumlisha yote, zaidi ya megawati 2,500, ambazo ni zaidi ya nusu ya uwezo wetu wote, zategemea bonde moja. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, maji ya Mtera yalipopungua nchi ilikaa katika mgao mkali, viwanda vikapunguza zamu na vinyozi wakafunga vibanda. Basi programu ikipewa wastani wa mvua wa miaka mingi, itatuambia kwamba tuko salama. Wastani haujui kiangazi. Lazima programu iulizwe: Ukija mwaka kama ule wa 2006, tena ukafuatwa na mwingine kama huo, nani atabaki na taa? Hapo ndipo gesi ya Songosongo na Mnazi Bay, jua la Shinyanga na Dodoma, upepo wa Singida na joto la ardhini huonekana thamani yake. Huwa kama mtoto wa pili katika nyumba, ambaye hufanya kazi siku mkubwa anapougua.

Ndugu zetu wa Unguja hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kwa miaka mingi kisiwa chao kilitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Ulipoharibika mwezi Mei 2008 walikaa gizani kama mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 wakakaa gizani tena kwa miezi kama mitatu, maji ya bomba yakiwa taabu na biashara zikizorota. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013. Katika mpango ulioangalia bei peke yake, waya wa pili ungeonekana kuwa anasa. Kwa mama wa Ng'ambo aliyebeba ndoo miezi mitatu, haukuwa anasa.

NANI ASHIKE CHOMBO?

Sasa tuje kwenye shina la jambo. Mwaka 1961, nchi ilipokuwa ikiingia katika Uhuru, kitabu kikubwa kilichoongoza mipango yetu ya uchumi kilikuwa taarifa ya ujumbe wa Benki ya Dunia. Hatukuwa na namna nyingine, kwani wasomi wetu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Tangu hapo tumesafiri mbali. Hata hivyo Mpango Mkuu wa Umeme ulipopitiwa upya mwaka 2016, kazi ile ilifanywa kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA. Hatusemi kwamba marafiki hao walifanya vibaya, wala kwamba tuukatae msaada. Twasema hivi: mshauri akimaliza kazi hufunga sanduku lake akarudi kwao, na mara nyingi ujuzi wa kuirudia ile hesabu husafiri pamoja naye. Kinachobaki kwetu ni kitabu kizuri chenye jalada. Bei ya gesi ikibadilika mwaka unaofuata, kitabu hakibadiliki. Ndipo tumwite tena, na kumlipa tena.

Zamani yule mwenye kujitetea aliweza kusema kwamba programu zenyewe ni ghali. Leo udhuru huo umepungua sana. LEAP hutolewa bure kwa serikali na vyuo vya nchi nyingi za Afrika. Iko pia programu huria iitwayo OSeMOSYS, iliyoelezwa kwa ulimwengu mwaka 2011 na wataalamu ambao baadhi yao walikuwa katika chuo cha KTH cha Stockholm. Hiyo haiuzwi, hesabu zake zote zaweza kusomwa na yeyote, na huweza kufanya kazi katika kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi. Wamekwisha kuitumia kutengeneza kielelezo cha umeme cha karibu nchi zote za Afrika. Yaani Tanzania imekwisha kuandikwa kwa hesabu na watu walio mbali. Je, si aibu sisi wenyewe tukachelewa kuisoma, kuisahihisha na kuikamilisha?

Kujitegemea hakukuwa na maana ya fedha peke yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitukanya tusiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo, likataja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Katika jambo hili watu ndio kila kitu. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa Dodoma, wa Chuo cha Nelson Mandela kule Arusha na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waweza kabisa kuzishika programu hizi. Wanalohitaji ni ajira ya kudumu katika kazi hiyo, na takwimu sahihi kutoka TANESCO na Ofisi ya Takwimu. Mtaalamu asiye na takwimu ni kama fundi seremala asiye na mbao.

Maswali yanayowangoja si madogo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wameachana na moshi wa kuni na mkaa. Ni lengo jema, linalookoa misitu na mapafu ya mama zetu. Lakini jungu moja la umeme hula kama kilowati moja. Nyumba milioni moja zikiwasha majungu yao pamoja saa 1 ya jioni, hizo ni megawati 1,000, kwa saa ile ile ambayo taa na televisheni zote zimewashwa na jua limekwisha kuzama. Ni wangapi watapikia umeme, wangapi gesi, na nguzo za mtaa zitaubeba mzigo huo? Hilo huhesabiwa sasa, si mwaka 2034.

Hali kadhalika mwaka 2025, iliposemwa kwamba mikoa ya kaskazini yaweza kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, wananchi wengi walistaajabu: Tunao wa kutosha Rufiji, kwa nini tununue wa wengine? Viongozi wakaeleza juu ya umeme unaopotea katika safari ndefu. Maelezo hayo yaweza kuwa sahihi barabara. Lakini lau hesabu yenyewe ingalikuwa imetangazwa mapema kwa Kiswahili, gharama ya kusafirisha upande huu na gharama ya kununua upande ule, mjadala usingalikuwa wa hasira, ungalikuwa wa hoja.

WAJIBU WETU

Wako watakaosema kwamba mfanyakazi hawezi kuelewa hesabu za kompyuta. Mfanyakazi huyo huyo hujua kupanga mshahara wake ufike mwisho wa mwezi, hujua kwamba mwaka wa njaa huja, na hujua tofauti ya kununua jembe zuri mara moja na kukodi jembe bovu kila msimu. Hahitaji kujua namna kompyuta inavyotatua fumbo. Ahitaji kujua ni nini kilichowekwa ndani yake.

Upande wa pili kuna hatari ambayo nayo hatuna budi kuitaja. Kiongozi mvivu aweza kuamua jambo kwanza, kisha akaagiza hesabu ya kulipamba. Kompyuta haikatai. Ukiipa tarakimu za kukupendeza, itakupa jibu la kukupendeza, tena kwa picha za rangi. Kinga ya hatari hiyo ni moja tu, nayo ni kwamba tarakimu ziwekwe mezani na mtu mwingine aruhusiwe kuzirudia.

Kwa hiyo sisi twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila Mpango Mkuu wa Umeme utolewe pamoja na muhtasari wa Kiswahili unaotaja wazi zile tarakimu tatu: kasi ya ukuaji, kiwango cha kupunguza thamani ya fedha, na mwaka mbaya uliofikiriwa. Pili, kielelezo chenyewe kikae nchini, katika mikono ya watumishi wa umma, na vyuo vyetu vipewe nakala ya kukichunguza. Tatu, kila mpango mpya uanze kwa ukurasa mmoja wa kujisahihisha, unaoonyesha mpango uliotangulia ulikisia nini na nini kilitokea. Nne, vyama vya wafanyakazi na matawi ya Chama wayajadili makisio hayo kabla mikataba haijatiwa saini, kwa sababu baada ya saini majadiliano huwa maombolezo.

Mwezi Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam, wakaahidi kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Fedha nyingi zitakuja kwa jina la ahadi hiyo, na pamoja nazo washauri wengi wenye masanduku yao. Tuwakaribishe kwa heshima, tuwape kiti na maji ya kunywa. Lakini wakifungua kompyuta zao, awepo kijana wetu upande wa pili wa meza ambaye amekwisha kuifanya hesabu ile ile usiku uliotangulia, na aweze kuwauliza: Ndugu, tarakimu hii mmeitoa wapi?